Ubao kwanza, jeki baadaye

Anayetafuta vifaa vya kubadilishia magurudumu ya gari nyumbani hapa Kisumu hukutana kwanza na ushauri ulioandikiwa watu wa nchi zenye theluji. Ujerumani, madereva wamezoea kufunga matairi ya baridi kuanzia Oktoba hadi Pasaka. Uswidi, sheria huyataka kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 31 Machi iwapo barabara ina barafu au theluji. Kila mwaka, basi, mamilioni ya watu huko hufungua magurudumu manne na kufunga mengine manne, kisha miezi michache baadaye huyarudisha yale ya kwanza, na biashara nzima ya vifaa imestawi kwa sababu ya kazi hiyo: jeki ya kitoroli inayosukumwa chini ya gari, stendi za chuma, spana ya betri inayofungua nati kwa kubonyeza kidole. Ushauri wao ni wa watu wanaoijua kazi, ila una sharti moja ambalo hawalitaji kwa kuwa hawajawahi kulikosa, nalo ni sakafu ya zege. Ukishuka nao hadi Nyamasaria mwezi wa Aprili, sharti hilo linakwisha. Majira ya Kisumu hayaligusi tairi kama yanavyoigusa ardhi iliyo chini yake, na anayenunua vifaa kwa kufuata kitabu cha Ulaya anaweza kutumia fedha nyingi kwa kifaa kisichomfaa na kukosa vile viwili au vitatu ambavyo angevihitaji.

Mvua kubwa za ukanda huu hunyesha Machi hadi Mei, za vuli Oktoba hadi Desemba, na katikati ya vipindi hivyo ziwa lenyewe huleta mvua za radi za alasiri bila kuuliza kalenda. Kutoka Nyamasaria kuelekea Ahero na mto Nyando umelala uwanda wa Kano, na sehemu kubwa ya uwanda huo ni udongo mweusi wa mfinyanzi, ule ambao wahandisi wa barabara huuita udongo wa pamba. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa zinazomeza mguu, na ukilowa huvimba, huteleza na kuacha kubeba uzito. Mwezi Mei 2020 maji ya ziwa yalipita kiwango cha juu kilichowekwa mwaka 1964, mwaka 2024 yakapanda tena, na nyua za watu wa Dunga na Nyalenda zikakaa na unyevu miezi mingi baada ya mvua kukoma. Upande wa pili wa mji, vilima vya Riat vina mwamba na changarawe nyekundu. Huko gari halizami, shida ni mteremko. Kwa hiyo kabla ya kuuliza jeki ipi ni bora, mwenye gari anapaswa kuuliza itasimama juu ya nini.

Jibu lake linapimika. Gari kama Toyota Probox lina uzito wa tani moja na kidogo, na ukiinua pembe moja ya gari la namna hiyo likiwa na mizigo kiasi, jeki hubeba kama kilo 350. Kitako cha jeki ya makasi inayokuja na gari, tuseme, kina upana wa sentimita 8 na urefu wa sentimita 15, yaani sentimita 120 za mraba. Kila sentimita ya mraba ya udongo inasukumwa na karibu kilo 3. Weka chini yake ubao wa sentimita 30 kwa 30, na uzito uleule unasambaa kwenye sentimita 900 za mraba: kila moja inabeba chini ya nusu kilo. Huo ni mkandamizo wa mtu wa kilo 70 aliyesimama kwa mguu mmoja. Mahali ambapo mtu anaweza kusimama kwa mguu mmoja bila kuzama, jeki yenye ubao pia itasimama. Asipoweza, gari lisogezwe hata kama tairi litaharibika, maana tairi lina bei na mguu hauna. Ubao uwe mzito, wa unene wa sentimita 4 au 5, wa mbao ngumu isiyopasuka, na seremala yeyote wa Kibuye anaweza kuukata kutoka kwenye vipande vyake vya masalio. Palepale akate na kabari mbili pana za kuzuia magurudumu. Mawe ya kando ya barabara hutumika kila siku kwa kazi hiyo, nami sioni haja ya kuyabeza, lakini jiwe la mviringo huviringika, na juu ya mteremko wa Riat breki ya mkono peke yake haitoshi. Katika magari mengi madogo breki hiyo hushika magurudumu ya nyuma tu, na unapoinua gurudumu moja la nyuma umeshapunguza nusu ya kile kilichokuwa kikilishikilia gari.

Sasa jeki. Inayosifiwa zaidi ni ya kitoroli, na juu ya zege inastahili sifa zake: ni ya haraka, imara, haichoshi. Lakini tazama jinsi inavyofanya kazi. Mkono wake hupanda kwa kufuata upinde, kwa hiyo kadiri gari linavyoinuka, kitoroli chenyewe lazima kisogee sentimita kadhaa ili kichwa kibaki palepale chini ya gari. Magurudumu yake madogo ya chuma hayasogei kwenye changarawe, sembuse tope. Yakikwama, kichwa cha jeki huteleza au gari zima huvutwa upande. Mwenye ua wa udongo akiinunua, itambidi anunue na ubao mkubwa wa kuiwekea njia. Jeki ya chupa haina shida hiyo, na ina nguvu nyingi kwa bei ndogo, ndiyo maana madereva wa malori na matatu huipenda. Ila nyingi huanzia kimo cha karibu sentimita 20 zikiwa zimeshushwa kabisa, na chini ya gari dogo lililokaa juu ya tairi bapa huenda nafasi hiyo isipatikane, hasa ukiongeza ubao. Isitoshe, kichwa chake ni duara dogo la chuma tupu, wakati magari ya Kijapani yametengenezwa yainuliwe kwenye ukingo mwembamba wa chini ya mlango, penye alama mbili. Chuma tupu huupinda ukingo huo. Jeki ya makasi inayodharauliwa ndiyo iliyotengenezwa na ufa wa kuupokea, tena hushuka hadi karibu sentimita 10. Hukumu yangu ni kwamba mwenye gari dogo asiharakishe kununua jeki mpya. Aiangalie aliyonayo kama skrubu yake haijaliwa na kutu, aipake grisi, na fedha azipeleke kwingine. Mwenye Hilux au Land Cruiser anayekwenda Budalang'i wakati wa mafuriko ana hesabu tofauti, naye jeki ya chupa itamfaa.

Kwingine kwenyewe ni kwenye nati, kwa sababu hapo ndipo watu wengi hukwama kweli. Toyota huelekeza nati za magurudumu ya magari yake mengi madogo zikazwe kwa nyutoni-mita 103. Honda hutaja 108. Chukua spana ya kawaida iliyo kwenye buti, yenye mpini wa sentimita 25. Kufikia 103 kwa mpini huo kunahitaji msukumo wa takriban kilo 42 mwishoni mwa spana, na kufungua nati iliyokazwa kiasi hicho huhitaji nguvu ya kufanana na hiyo, pengine zaidi kama kuna kutu. Ni kazi nzito lakini mtu mzima mwenye afya anaiweza kwa kuegemea. Sasa fikiria gari lililopita mahali penye spana ya upepo, ambako nati ilipigwa hadi mashine ikaacha kulia. Tukiweka makadirio yetu kwenye 250, kiwango ambacho mashine hizo hukifikia bila taabu, spana ileile ya buti sasa inataka kilo 102. Dereva wa kilo 60 anaweza kusimama juu yake na kuruka asipate kitu. Pasipo na spana ya upepo hutumika paipu: fundi huchomeka kipande cha paipu cha mita moja kwenye mpini, na kwa kuvuta kilo 30 tu anafika karibu 300. Hata asiye na paipu, akiwa na kilo 70 na kukanyaga ncha ya mpini wa sentimita 30, anakaza kwa nyutoni-mita 206, mara mbili ya kinachotakiwa, huku akiamini amefanya kazi kwa uangalifu. Bolti iliyovutwa hivyo hurefuka kidogo, na ikivutwa mara nyingi huchoka na kukatika. Lakini madhara ya karibu zaidi ni ya mtu aliyepata pancha saa mbili usiku kati ya Katito na Kendu Bay, ana jeki nzima, spea yenye upepo, spana mkononi, na nati zisizofunguka.

Hapa ndipo hoja yangu ilipo. Kifaa muhimu kuliko vyote cha kubadilishia gurudumu nyumbani ni kile kinachohakikisha kwamba kifaa kidogo cha buti kitafanya kazi barabarani, nacho ni spana ya kipimo, ile unayoiweka kwenye namba na inayotoa mlio namba hiyo ikifikiwa. Inayofaa ni yenye kichwa cha nusu inchi na kipimo kinachoanzia karibu 40 hadi 200 hivi, ili namba za magari ya kawaida ziangukie katikati, ambako kipimo huaminika zaidi. Spana nzuri ya aina hii hukosea kwa asilimia 4 juu au chini. Hata ya bei nafuu ikikosea kwa asilimia 10, bado iko karibu na ukweli kuliko paipu. Isitumike kufungulia, mpini mrefu wa kawaida ufanye kazi hiyo. Baada ya matumizi irudishwe kwenye namba ya chini ili springi yake isichoke, na bolti zisipakwe mafuta, kwa kuwa nyuzi zenye mafuta huteleza na namba ileile huvuta bolti kuliko ilivyokusudiwa. Brashi ya waya ya kusugua kutu kwenye habu inatosha. Kwa bahati ziwa letu ni la maji baridi, na kutu ya huku haifikii ile inayowasumbua watu wa Mombasa.

Kando ya spana hiyo kuna ununuzi mdogo usiopaswa kukosewa: soketi. Toyota, Nissan na Mazda nyingi hutumia nati za milimita 21, Honda na Subaru 19, na magari ya Kijerumani kama Volkswagen hutumia bolti za 17 badala ya nati. Soketi iwe ya pembe sita, si kumi na mbili, maana ya pembe kumi na mbili hushika kona tu na ikikutana na nati iliyokwisha kuviringwa huimalizia. Kwa buti, spana ya msalaba inashinda ile ya umbo la L. Ukishika ncha mbili za mkono wake wa sentimita 40, mmoja ukivuta juu na mwingine ukisukuma chini, unapata 103 kwa nguvu ya kilo 26 kwa kila mkono, na kwa kuwa nguvu hizo mbili zinasawazishana, spana haichomoki kwenye nati na kukuangusha topeni.

Wapo watakaosema kwamba mafundi wamekaza kwa mkono maisha yao yote na magurudumu hayajawatoka wateja. Ni kweli, na mkono wa fundi mzoefu ni kipimo cha kuheshimiwa, alimradi anatumia spana ileile kila siku. Lakini mkono huo unajua kuhakikisha nati haitalegea. Haujui mteja atakuwa na uzito gani siku ya kuifungua. Fundi hulaumiwa gurudumu likitoka, halaumiwi likigoma kufunguka kilomita 60 kutoka kwake. Basi hukaza kwa kupitiliza, na kwa upande wake ana haki. Mwenye gari ndiye mwenye sababu ya kutafuta katikati. Tena katikati hiyo ina pande mbili: gurudumu lililotoka kufungwa linaweza kulegea kidogo rangi na kutu vinapojikalia, ndiyo maana nati hupimwa upya baada ya kilomita 50 hadi 100. Aliyefunga asubuhi akaenda Kakamega, yapata kilomita 50, azipime atakapopumzika huko, gari likiwa limepoa.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la uchumi. Kisumu haina upungufu wa mafundi wa pancha. Kondele, Mamboleo, Otonglo, Kisian, kila penye steji pana pampu ya upepo na kijana mwenye jeki, na malipo yake ni madogo kuliko muda wa mtu wa ofisini. Kwa nini mtu anunue vifaa vya kazi anayoweza kuilipia mara mbili kwa mwaka? Kama swali ni la kuziba pancha tu, sina jibu la kulipinga. Fundi aendelee na kazi yake, na mimi nisingemshauri mtu ajifunze kubandua tairi kwenye rimu nyumbani. Ila fundi yuko penye steji, na tairi halichagui steji. Barabara ya kwenda Usenge, au ile ya kandokando ya ziwa kuelekea Homa Bay, ina vipande virefu visivyo na mtu wa kuitwa, na mvua ikinyesha hata steji hufungwa mapema. Pia kumwendea fundi hakumzuii mtu kumwomba afunge kwa mkono badala ya mashine, kisha yeye mwenyewe akifika nyumbani alegeze nati moja moja na kuikaza upya kwa kipimo, kwa mtindo wa kuvuka kutoka moja hadi iliyo mkabala nayo. Ni kazi fupi ya gari likiwa chini, bila jeki kabisa. Katika vifaa vyote nilivyovitaja, spana ya kipimo ndiyo pekee inayoongeza thamani ya kazi ya fundi badala ya kuichukua.

Na kwa nini mara mbili kwa mwaka, katika mji usio na theluji? Kwa sababu mvua mbili zinatupa tarehe mbili za kufaa, mwishoni mwa Februari na mwishoni mwa Septemba, kabla barabara hazijalowa. Kuna wachache wenye magari ya kazi ambao kweli hubadilisha seti nzima, wakafunga matairi ya meno makubwa ya tope msimu wa mvua na kuyatoa kiangazi. Wengi wetu hatuhitaji hilo. Tunachohitaji ni kuhamisha matairi ya mbele kwenda nyuma, kwa kuwa magari mengi madogo huendeshwa na magurudumu ya mbele na hula matairi ya huko haraka, na kuona kina cha mifereji kabla ya lami yenye maji kutuonyesha. Aliye na spea ya ukubwa kamili anaweza kufanya kazi hiyo kwa jeki moja, akiifunga spea mahali pa gurudumu linalosafiri. Asiye na spea atahitaji stendi, nayo stendi ya miguu minne myembamba huzama tope kuliko jeki, hivyo ubao wa pili ni lazima.

Siku hiyo ndiyo pia ya kusoma kilichoandikwa kwenye tairi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, lakini kanuni hiyo huhesabu umri wa gari, haihesabu umri wa mpira uliokuja nao. Tarakimu nne za mwisho kwenye alama ya DOT hutaja wiki na mwaka wa kutengenezwa: 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Magari yaliyotoka Hokkaido na kaskazini mwa Honshu mara nyingi hufika Mombasa yakiwa na matairi ya theluji yenye neno STUDLESS ubavuni, aina iliyotawala soko baada ya Japani kupitisha mwaka 1990 sheria ya kuzuia matairi yenye misumari. Mpira wake umetengenezwa ubaki laini kwenye baridi kali. Kwenye lami ya Kisumu, ambako mchana wa kawaida hukaribia nyuzi 30, hulainika kupita kiasi na kuisha upesi, ingawa mifereji yake mirefu humdanganya mnunuzi kuwa ni mapya. Mabadiliko ya kwanza ya majira ambayo gari nyingi za hapa huhitaji, kwa hiyo, ni kuvuliwa baridi ya Japani. Buti nalo likaguliwe siku hiyohiyo. Modeli nyingi za miaka ya karibuni huja na chupa ya gundi na pampu ndogo ya umeme badala ya spea. Gundi hiyo huziba tundu la msumari, haizibi ubavu uliochanwa na jiwe, na jiwe ndilo tulilo nalo kwa wingi. Wengine hupata spea nyembamba ya muda, inayotaka upepo wa paundi 60 na mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa; iliyokaa miaka bila kupimwa huwa haina hata nusu ya upepo huo.

Mwenye fedha kidogo, basi, aanze na mbao na kabari, ambazo ni karibu bure, afuatishe spana ya msalaba yenye kipimo cha nati zake, kisha awekeze akiba kwenye spana ya kipimo, inayoweza kupatikana kwa bei isiyozidi ya tairi moja jipya. Majirani watatu wa ua mmoja wanaweza kuichangia, kwa kuwa hutumika siku chache kwa mwaka na haina haja ya kusafiri. Kwenye buti zibaki jeki, ubao, kabari, msalaba, kipande cha turubai cha kupigia magoti, taa ya kuvaa kichwani na vile vibao viwili vya pembetatu ambavyo sheria ya Kenya inamtaka dereva awe navyo. Anayeogopa wezi wa buti aogope kwa ajili ya jeki. Ubao hauibiwi, labda na mwenye kuni. Jeki ya kitoroli ingoje siku ua utakapomwagwa zege.